Kisanduku cha kuchati kiwekwe pale msomaji anapokwama

Wakutubi wenzangu huniuliza kisanduku cha kuchati kikae wapi kwenye tovuti ya maktaba. Wengi wameshakiweka kwenye ukurasa wa "Wasiliana nasi", na hapo ndipo tunapoanza kubishana. Anayefika ukurasa huo ameshaamua kuuliza. Angeweza hata kupiga simu. Mwenye shida kubwa zaidi ni yule aliyeandika maneno mawili matatu kwenye katalogi, akaambiwa "Hakuna matokeo", akadhani maktaba haina kitu. Huyo hafungui ukurasa mwingine, anaondoka. Basi hapo hapo, chini ya "Hakuna matokeo", pawe na kisanduku kinachosema: "Tukusaidie kutafuta?"

Zamani jambo hili lilikuwa gumu. ICQ, huduma ya kutumiana ujumbe papo kwa papo, ilipoanza mwaka 1996, ikafuatwa na AIM ya kampuni ya AOL mwaka 1997, kisha Yahoo! na MSN, kila huduma ilikuwa na programu yake ya kupakua na akaunti yake, na kwa miaka mingi mtumiaji wa huduma moja hakuweza kumwandikia wa huduma nyingine. Maktaba iliyotaka kumpokea kila mtu ilifungua akaunti kotekote, halafu ikazikusanya kwa programu kama Trillian au Pidgin. Hiyo ni endapo mafundi wa kompyuta walikubali programu iwekwe, maana mashine nyingi za ofisini hufungwa zisipokee programu mpya.

Tovuti ya Meebo ilipokuja mwaka 2005, mambo yote hayo yakahamia ndani ya kivinjari. Mwaka uliofuata ikatoa kisanduku cha kubandika kwenye ukurasa wowote kwa mistari michache ya msimbo. Msomaji hakuhitaji akaunti wala kutaja jina; aliandika swali, mkutubi akaliona. Kilikuwa na kasoro moja ya kuudhi: msomaji akibofya kiungo na kuacha ukurasa ule, mazungumzo yanapotea. Na kazi yetu ni kutuma viungo! Hadi leo, kabla sijapendekeza huduma yoyote, hilo ndilo ninalolijaribu kwanza. Kisanduku kizuri hufunguka kwenye dirisha lake, au humfuata msomaji kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Google iliinunua Meebo mwaka 2012, na sehemu kubwa ya huduma zake ikafungwa. AIM ilizimwa mwaka 2017, Yahoo! Messenger mwaka 2018, ICQ mwaka 2024. Kwa hiyo huduma mnayoichagua leo ichukulieni kuwa ya kupita. Ulizeni mapema kama kumbukumbu za maswali zinaweza kutolewa na kuhifadhiwa kwenu. Mimi huegemea huduma zilizotengenezwa kwa ajili ya maktaba, kama LibraryH3lp, ambayo imejengwa juu ya XMPP, itifaki iliyo wazi (kanuni za kutumiana ujumbe ambazo yeyote anaweza kuzitumia) iliyoanza kwa jina la Jabber mwaka 1999. Faida yake ya kila siku ni foleni: wakutubi kadhaa wanakuwa zamu pamoja, swali linawafikia wote, anayewahi analichukua.

Ila kazi yenyewe iko kwenye kuuliza. Tazama mfano huu:

– Mna vitabu vya maji?
– Vipo. Unaangalia upande gani: afya, kilimo, sheria?
– Visima kuwa na chumvi.
– Sawa. Unataka maelezo ya jumla au utafiti wenye vipimo?
– Utafiti. Ni wa tasnifu.

Swali la kwanza na la mwisho hayafanani hata kidogo. Mkutubi aliyekimbilia kutuma orodha ya vitabu vyote vya maji angekuwa amejibu haraka, na asingekuwa amesaidia. Kwenye dawati tunasoma uso wa mtu. Kwenye kuchati hakuna uso, na ukimya wa dakika moja humfanya msomaji aamini umemtoroka. Andika "Bado natafuta, nipe dakika tatu" hata kama unaona haina haja. Jibu lirushe vipande vipande, usisubiri aya nzima ikamilike. Swali likihitaji saa nzima, omba baruapepe yake umalizie huko.

Maswali ya saa za kufungua, kuongeza muda wa azima na nenosiri lililosahaulika yaandalieni majibu mapema.

Faragha nayo ina uzito wake. Mazungumzo hukaa kwenye seva za watu wengine, na swali la msomaji huweza kufichua ugonjwa, kesi au imani yake. Msidai jina mahali ambapo halihitajiki, na wekeni muda maalumu wa kufuta kumbukumbu.

Zamu ikiisha, kisanduku kisibaki na neno "Hatupo" peke yake. Kigeuke fomu fupi ya swali na baruapepe, na fomu hiyo ioneshe saa ambayo zamu inayofuata itaanza kujibu.