Mtoto anayenyamaza darasani

Sentensi ya kwanza ya Kiingereza ninayomfundisha mtoto mgeni si salamu wala jina lake. Ni ile ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Hapa Uganda mtoto wa nasari au wa darasa la kwanza anatakiwa anyooshe mkono na kuisema yote, na watoto huitoa kwa pumzi moja kama wimbo: meiaigoauti, yaani "May I go out?" Asiyeijua hukaa tu. Anabana miguu, anatazama mlango, anamtazama mwalimu, na ghafla kaptula imeloa na wenzake wanaziba pua. Mtoto wa miaka mitano yakimpata hayo mara moja tu, kesho yake asubuhi tumbo litamuuma, keshokutwa litamuuma tena, na mama yake atampeleka kliniki kupimwa malaria.

Nafanya kazi ya ushauri wa malezi kwa familia zinazozungumza Kiswahili, wengi wao kutoka mashariki ya Kongo. Nilianzia kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, sasa niko Kampala. Kila Januari, muhula wa kwanza ukikaribia, simu yangu hailali. Wazazi wanauliza sare inauzwa wapi, na ile orodha ya shule yenye ufagio, karatasi za chooni na rimu ya karatasi ni lazima ikamilike siku ya kwanza au inaweza kungoja. Hayo yana majibu. Swali zito huja Machi: "Dada, mwalimu anasema mtoto wangu hasemi kitu darasani. Anasema labda ana shida kichwani. Nyumbani anaongea mpaka tunachoka. Nifanye nini?"

Jambo la kwanza ninalomwambia mzazi huyo ni kwamba mtoto wake anafanya kazi. Mtoto mdogo akitupwa katikati ya lugha asiyoijua, mara nyingi hunyamaza kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi. Ukimtazama kwa makini utaona midomo inacheza wakati wenzake wanaimba. Utaona anasimama nusu sekunde baada ya wengine, kwa sababu anawatazama wao ili ajue mwalimu ameamuru nini. Jioni, akicheza na wanasesere wake wa vitambaa, utamsikia akiwagombeza kwa maneno ya mwalimu, na matamshi yake ni safi kabisa. Anakusanya. Akilazimishwa kusema kabla hajawa tayari, mbele ya watoto themanini, anajifunza jambo moja tu: kwamba kusema kunaleta aibu.

Mara nyingi lugha ngeni yenyewe si moja. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, Kiingereza kikiwa somo, na darasa la nne liwe la kuvuka kwenda Kiingereza. Mpango huo una busara kwa mtoto aliyezaliwa hapa. Lakini mtoto wa Bukavu aliyefika Nakivale anakutana na Runyankole darasani, Kiingereza ubaoni na Kinyarwanda kwa majirani. Kampala, shule nyingi za binafsi huanza na Kiingereza tangu nasari, huku uwanjani kukitawaliwa na Luganda.

Undugu wa lugha zetu unasaidia, na pia unatega. Mtoto akisikia "soma" kwa Luganda ni soma ileile, "wandika" atabahatisha kuwa ni andika, "amazzi" hatashindwa kujua ni maji. Lakini mwalimu wa Isingiro, wilaya iliko Nakivale, akimwambia "shutama" kwa Runyankole, maana yake kaa, mtoto mwenye Kiswahili anasikia chutama. Nimemwona msichana mdogo akichutama kando ya dawati lake, magoti yakimtetemeka, mtiifu kuliko darasa zima, na mwalimu akidhani anafanya ukaidi.

Nami niliwahi kumhukumu mtoto vibaya, na sijasahau. Miaka kadhaa iliyopita shule moja iliniomba nisaidie kuwapima watoto wapya ili wapangiwe madarasa. Alikuja mvulana wa miaka 8, amemaliza darasa la pili Kongo. Nikampa hesabu za kujumlisha. Kwenye 10 + 1 niliona ameandika 77. Kwenye 9 + 3 niliona 72. Kwenye hesabu nyingine saba zake zilikatwa kistari katikati, nikadhani amekosea akafuta. Nikaandika kwamba arudi darasa la kwanza. Wiki mbili baadaye mama yake akanijia na daftari la Kongo alilolibeba mkobani safari nzima, kurasa zimejikunja kwa unyevu. Ndani mlikuwa na mwandiko wa kuunganisha herufi, mzuri kuliko wangu, na hesabu zilezile zimepigwa vema kwa wino mwekundu. Huko wanafuata mwandiko wa Kifaransa: moja ina mkia mrefu unaoshuka kushoto kama paa la kibanda, na saba hukatwa kistari katikati ili isifanane nayo. Yule mtoto alikuwa amepata zote. Mimi ndiye sikujua kusoma.

Tangu siku hiyo simpimi mtoto bila kuona daftari lake la zamani, na kama lilibaki njiani, ninampimia kwa vizibo vya soda na kwa Kiswahili. Mtoto anayejua kuwa saba na tano ni kumi na mbili hana haja ya kufundishwa hesabu upya. Anahitaji majina mapya ya namba, na hiyo ni kazi ya majuma machache. Kumrudisha madarasa mawili nyuma akae na watoto wanaomfikia begani ni jeraha la miaka.

Sasa nije kwenye jambo ninalogombana na wazazi kila muhula. Mwalimu anamwambia mzazi, "Nyumbani ongeeni naye Kiingereza." Mzazi anatii, kwa sababu mwalimu ni mwalimu. Baba aliyesoma kwa Kifaransa na mama aliyesoma kwa Kiswahili wanaanza kumwambia mtoto maneno kumi na matano ya Kiingereza wanayoyajua: njoo, kula, lala, acha. Hadithi za jioni zinaisha, maswali yanaisha. Mtoto aliyekuwa akiulizwa "kwa nini unadhani sungura alimdanganya fisi?" sasa anaamriwa tu. Jim Cummins, mtaalamu wa Toronto aliyefuatilia watoto wa wahamiaji, alionyesha kwamba lugha ya kuchezea na wenzake mtoto huipata katika miaka 2 hivi, lakini lugha ya kusomea, ile ya kueleza sababu, kulinganisha na kubisha, huchukua miaka 5 hadi 7. Na fikra zinazobeba lugha hiyo ya pili hujengwa kwa lugha ya kwanza. Mtoto aliyezoea kueleza sababu kwa Kiswahili atahamisha uwezo huo. Asiyezoea hana cha kuhamisha. Kwa hiyo ongeeni Kiswahili nyumbani, kingi, chenye vitendawili na mabishano. Kiingereza mwachieni mwalimu.

Najua pia wanachoogopa wazazi wengine, nao hawakisemi waziwazi. Hapa Uganda Kiswahili kilikaa muda mrefu kikiitwa lugha ya askari. Kilitumika jeshini tangu ukoloni, Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa miaka ya 1970, na wengi walioishi enzi zile walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani. Mtoto hana habari hiyo, lakini anaiona kwenye uso wa bibi muuza nyanya akimsikia anamwita mama yake kwa sauti. Nawaambia wazazi wamweleze mtoto kwa kiasi cha umri wake, na wamweleze pia kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa katiba tangu 2005, na kwamba Julai 2022 baraza la mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Siku moja wenzake watamwomba awasaidie.

Majina nayo. Mtoto mwenye jina la Kifaransa la Dieumerci akiitwa kama lilivyoandikwa, kwa kinywa cha Kiganda, hajui kama ni yeye. Anawekewa alama ya mtoro huku amekaa kiti cha mbele. Furaha anageuka Fulaha, hilo angalau analitambua. Mwendee mwalimu mapema umtamkie jina polepole, na nyumbani mzoeshe mtoto kuitika yote mawili.

Nywele zinahitaji uangalifu zaidi. Shule nyingi hapa zinataka wasichana wanyolewe karibu kipara. Msichana aliyesukwa na shangazi yake kabla ya kuvuka mpaka, na shangazi huyo akabaki kule, hanyolewi nywele tu. Usingoje anyolewe getini na mkono asioujua. Mnyoe nyumbani siku chache kabla, kwa taratibu, mama akimkalisha katikati ya magoti yake, na ukiweza mhifadhie msuko mmoja kwenye kitambaa.

Kuhusu fimbo nitasema wazi. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Mzazi mkimbizi ana haki ya kwenda kulisema hilo kwa mwalimu mkuu, kwa adabu na bila kuogopa. Na elimu ya msingi mtoto wako anastahili sawa na mtoto wa Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006.

Kuna ukimya mwingine ambao si wa lugha, na huo usiusubirie. Tangu vita vilipofufuka Kivu ya Kaskazini mwishoni mwa 2021, napokea watoto waliovuka mpaka wa Bunagana usiku. Kipimo changu ni nyumbani. Mtoto aliyenyamaza shuleni lakini anabisha na dada zake, anakula na anacheza, mpe muda. Aliyenyamaza hata nyumbani, anayeshtuka sufuria ikianguka, aliyerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, asiyetaka mama atoke hata kwenda bombani, huyo mpeleke kwa mshauri wa watoto wiki hii, usingoje muhula uishe.

Mama mmoja wa Katwe hapa Kampala, mshonaji, alifanya jambo ambalo sasa naliagiza kwa wote. Alimpelekea mwalimu kipande cha karatasi chenye maneno kumi ya Kiswahili na maana zake: maji, choo, njaa, naumwa, mama anakuja, na mengine ya aina hiyo. Mwalimu akakibandika ndani ya mlango wa kabati. Mwezi wa Mei nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa lile nikimwangalia mtoto wake, ambaye alikuwa hajatoa neno tangu Februari. Alianza kubana miguu. Mwalimu akafungua kabati, akasoma, akamwinamia na kumwuliza taratibu kama anataka kwenda chuo.

Mtoto akacheka mpaka akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Choo, ticha," akamwambia. "Choo."