Orodha Yangu ya Safari Imepangwa na Mwezi

Wengine ukiwauliza wanatamani kufika wapi, watakutajia miji, milima na makumbusho. Orodha yangu ni ya maji, na kila maji yana siku yake. Kazi yangu ni kukokotoa kujaa na kupwa kwa bahari: nipe bandari na tarehe, nitakupa saa ambayo maji yatafikia kilele na kimo chake kwa sentimita. Kwa miaka mingi nimezifanyia hesabu hizo bandari ambazo sijapata kuzikanyaga. Namba zake nazijua kwa ghibu. Harufu ya tope lake siijui. Ndiyo maana orodha hii naitunza kama mali, na ndiyo maana nikiwaza mahali nawaza kwanza tarehe. Ukifika siku isiyo yake, utapiga picha ya tope na kurudi ulikotoka.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mwezi huchelewa kama dakika 50 kila siku, na maji huchelewa nao. Kati ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25. Mwezi ukiandama au ukipevuka, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Juma moja mbele kila kimoja kinavuta upande wake, tunapata maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Nguvu ya jua haifiki nusu ya ile ya mwezi. Basi, mahali nilipochagua ni pale ambapo kanuni hii imenyooshwa mpaka ikakaribia kukatika, au imevunjika kabisa.

Naanza na Burntcoat Head, Nova Scotia, huko Kanada, ndani kabisa ya Bay of Fundy. Hapo tofauti kati ya maji yaliyopwa na yaliyojaa hufika karibu mita 16, kimo cha jengo la ghorofa tano. Wengi hudhani mwezi unaivuta sehemu hiyo kwa nguvu ya pekee. Sivyo. Siri imo katika urefu na kina cha ghuba. Maji yakisukumwa ndani, huchukua takriban saa 13 kwenda na kurudi, na mwezi unasukuma kila baada ya saa 12 na dakika 25. Msukume mtoto kwenye pembea kila anapokurudia, hata kwa kidole kimoja, na baada ya muda atapaa. Ghuba hiyo ni pembea inayosukumwa karibu sawasawa na mwendo wake.

Huko kuna jambo jingine linalonivuta: kama mwezi uko karibu na dunia au mbali nayo kuna uzito kuliko jua lenyewe. Kwa hiyo nangoja bamvua ya Machi au Septemba itakayoangukia siku mwezi umesogea karibu, na ningependa iwe karibu na mwaka 2034. Njia ya mwezi huinama na kuinuka, ukiilinganisha na ikweta, kwa mzunguko wa miaka 18.6, na wakati huo mwinamo wake utakuwa mdogo kuliko wakati mwingine wowote wa mzunguko, hali inayoyapandisha kidogo maji ya mara mbili kwa siku. Nyongeza hiyo ni ndogo, na msafiri wa kawaida hataigundua. Mimi nimeikokotoa mara nyingi mno kuweza kuiacha ipite. Na yeyote atakayekwenda namsihi asiondoke baada ya saa moja. Shuka maji yakiwa yamepwa, tembea juu ya sakafu ya bahari, uguse mwani unaoning'inia kwenye mwamba juu ya kichwa chako. Kisha panda juu, ukae saa sita, uone mahali ulipokuwa umesimama pakimezwa.

Baada ya hapo ni mto Qiantang, China, mjini Yanguan, na tarehe haina mjadala: siku ya 18 ya mwezi wa nane katika kalenda ya Kichina. Ghuba ya Hangzhou ina mdomo wa karibu kilomita 100, kisha inabanwa upesi kama faneli huku kina kikipungua. Maji yanayojaa hayapati nafasi ya kupanda polepole. Hujikusanya yakawa ukuta unaopanda mto kinyume cha mkondo, ukisikika kabla ya kuonekana. Umati hujaa kingoni siku hiyo, na waliosogea mno wameshawahi kuzolewa, kwa hiyo mimi nitasimama nyuma ya vizuizi bila aibu. Ila kinachonipeleka hasa ni habari ya mwaka 1056. Tayari wakati huo palikuwa na jedwali la saa za wimbi hilo, lililotengenezwa kwa ajili ya watu waliokuja kulitazama, na ni miongoni mwa majedwali ya kale kabisa tunayoyajua. Kuna mtu alifanya kazi yangu pale, karibu miaka elfu moja iliyopita, bila jina lake kunifikia. Nataka kusimama alipohesabia.

Mont-Saint-Michel nchini Ufaransa imo, kwa siku ile ya bamvua kubwa ambapo maji huuzunguka mlima na kuufanya kisiwa tena. Saltstraumen karibu na Bodø, Norwei, pia imo: mlangobahari wa upana wa mita 150 hivi, ambamo bahari hulazimishwa kupita kila saa sita kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 40 kwa saa, maji yakizunguka na kutoboka katikati. Hapo hesabu hazina utata, ni nguvu tupu.

Utata uko Do Son, Vietnam, na nikiambiwa nichague sehemu moja tu, nitachagua hiyo. Katika Ghuba ya Tonkin maji hujaa mara moja tu kwa siku. Mabaharia wa Ulaya walilishangaa jambo hilo katika karne ya 17. Mwanaastronomia Mwingereza Edmond Halley aliandika juu yake mwaka 1684, na mwaka 1687 mwanafizikia Isaac Newton akalitolea maelezo: maji yanafika kwa njia mbili, yale ya njia moja yamechelewa saa sita nyuma ya yale ya nyingine, hivyo kujaa kwa huku kunafuta kupwa kwa kule. Leo tunaeleza zaidi kwa umbo na kina cha ghuba, kinachokuza wimbi la mara moja kwa siku na kulinyima nafasi lile la mara mbili. Lakini wazo kwamba bahari mbili zikikutana zinaweza kuzaa utulivu, hilo Newton alikuwa ameliona, na sijui wazo zuri kuliko hilo katika taaluma yangu yote.

Mwezi ukiwa mbali kaskazini au kusini mwa ikweta, Do Son hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi. Ukivuka ikweta, mara mbili kila mwezi, maji karibu hayatikisiki. Siku hiyo ndiyo ninayoitaka. Nataka kukaa ufukweni kutwa nzima nikiangalia bahari isiyojaa wala kupwa, nikijua kwamba mawimbi mawili yamo humo yakifutana. Kisha nikae juma zima mpaka yarudi. Mwaka 2025 mwezi ulifika mbali kabisa na ikweta, nami sikwenda; mara nyingine kama ile ni karibu 2043.

Orodha yangu ina pia mahali ambapo nimechelewa. Kule Caudebec-en-Caux, kwenye mto Seine, Ufaransa, lilikuwapo wimbi kama la Qiantang, watu wakijipanga kulitazama. Mto ulichimbwa ili meli zipite, na tangu miaka ya 1960 wimbi hilo karibu limetoweka. Hesabu zake bado zinaweza kufanywa. Maji ndiyo hayapo. Hunifariji kidogo kwamba mto Petitcodiac, Kanada, uliozibwa mwaka 1968 kwa tuta la barabara, ulifunguliwa milango mwaka 2010 na wimbi lake likarudi na nguvu.

Kuna safari moja ya ndani ya nyumba. Liverpool, Uingereza, zinatunzwa mashine mbili za shaba na chuma zilizokuwa zikikokotoa maji kabla ya kompyuta. Kila kapi moja ni kipande kimoja cha wimbi, hili la mwezi, hili la jua, hili la mwezi ukiwa karibu; uzi mmoja unapita kwenye kapi zote na kujumlisha, na kalamu inachora. Mojawapo ndiyo Arthur Doodson, mkokotoaji wa maji Mwingereza, aliyoitumia kabla ya kushuka kwa majeshi ya Washirika Normandy, Ufaransa, mwezi Juni 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia. Makamanda walihitaji maji yaliyopwa alfajiri ili vizuizi vya ufukweni vionekane. Doodson alipewa namba bila jina la mahali. Karatasi ilisema tu Position Z, yaani Mahali Z. Nimewahi kufanya hesabu za bahari nisiyoijua mara nyingi, lakini si kwa maisha ya watu wengi namna ile. Ningependa kuiona ile mashine ikizungushwa, hata kwa dakika moja, kisha nivuke kwenda kusimama Normandy alfajiri, maji yakiwa yamepwa.

Na mwisho Tahiti, ambako siku yoyote inafaa. Wimbi la mwezi katika sehemu hiyo ya Pasifiki linazunguka nukta ambayo kwayo maji hayapandi wala kushuka, na kisiwa kiko karibu nayo. Linalobaki ni la jua, nalo halichelewi. Maji hujaa saa sita mchana na saa sita usiku, hupwa alfajiri na jioni, leo, kesho na mwezi ujao, na tofauti yake ni kama sentimita 30 tu. Nitachomeka kijiti ukingoni saa sita mchana, na kesho yake nitarudi saa ileile. Tangu nianze kazi hii, itakuwa mara ya kwanza nisiongeze zile dakika 50.