Butiloda ni nini, na kwa nini usikimbilie kuformati

Butiloda ni programu ndogo yenye kazi moja: kuuamsha mfumo wa uendeshaji, kama Windows. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, Windows bado imelala kwenye diski na haiwezi kujiamsha. Inayotangulia ni BIOS, au UEFI kwa mashine mpya, programu inayokaa kwenye ubao mama. Hiyo hukagua memori, kisha huitafuta butiloda kwenye diski na kuikabidhi kazi.

Kwa mashine za zamani, ambazo mafundi wa Bukavu tunazishika kila siku, mwanzo wa butiloda umo katika sekta ya kwanza kabisa ya diski. Ni baiti 512 tu: 446 za msimbo, 64 za orodha ya sehemu za diski, na mbili za mwisho ni alama. Alama hiyo ikifutika, BIOS husema hakuna mfumo, na huku Windows nzima ipo palepale, haijaguswa. UEFI yenyewe husoma faili ya kawaida katika sehemu iliyofichwa ya diski.

Ndiyo maana huniuma nikisikia mtu ameambiwa, "Hii ni ya kuformati tu," yaani diski ifutwe yote na Windows isakinishwe upya. Mwanafunzi mmoja wa Kadutu aliniletea mashine yake baada ya umeme kukatika usiku akiandika TFC, kazi yake ya kumaliza masomo. Kioo cheusi, maandishi meupe: BOOTMGR est manquant, yaani BOOTMGR, faili ya butiloda ya Windows, haipo.

"Papa fundi, kazi yangu yote imeenda?"

Niliiwasha kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa uendeshaji, nikafungua diski, na folda ya TFC ilikuwepo, sura zote tatu. Tukainakili kwanza kwenye flashi nyingine. Hapo sina mchezo: diski inayougua inaweza kukata roho katikati ya matengenezo.

Kisha nikaweka flashi ya kusakinishia Windows, nikachagua kurekebisha badala ya kusakinisha, nikafungua dirisha la amri. Wengi hukwama hapa kwa sababu herufi za diski hubadilika ukiingia kwa njia hii. Windows yake ilikuwa D, si C, kwa hiyo nikaandika bcdboot D:\Windows. Amri hiyo hunakili upya faili za kuwashia kutoka kwenye Windows yenyewe. Mashine ikaamka.

Kama inayogoma kuamka ni kompyuta ya mezani, tazama saa yake kabla ya yote. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imekwisha, na mipangilio ya BIOS imepotea pamoja nayo. Mashine inaweza kuwa inaitafuta butiloda kwa mtindo wa UEFI wakati diski ilipangwa kwa mtindo wa zamani. Badili betri, rudisha mpangilio, na diski usiiguse.