"Akiba haiozi" na mengine tunayoaminishana kuhusu kuweka fedha kila mwezi

Ushauri kuhusu akiba haujawahi kuadimika. Kila mtu anao, hata yule ambaye tarehe 20 ikifika anakopa nauli. Mwingi wake ni mzuri, ila kuna kauli chache zinazorudiwa mpaka zikaonekana ukweli, na hizo ndizo zinazozifanya nyumba nyingi ziache kabla hazijaanza.

Hesabu zote hapa ni za mchango wa 100 kwa mwezi, wa sarafu yoyote, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka inayoingizwa kila mwezi. Kama wewe unaweka mara hamsini ya hapo, zidisha kwa hamsini. Uwiano ni uleule.

"Nitaweka kitakachobaki"

Hakibaki. Wala hiyo haina maana kwamba wenye nyumba ni wafujaji. Fedha ikiwa karibu, kila hitaji dogo linakuja na hoja yake, na hoja nyingi ni za kweli: kiatu cha mtoto kimeisha, mgeni anakuja, bomba linavuja. Anayesubiri mwisho wa mwezi anatakiwa kushinda hoja za siku thelathini mfululizo. Anayetenga siku kipato kinapoingia anashinda mara moja. Na aliyeagiza benki au mwajiri amkatie moja kwa moja hapambani kabisa.

Jambo hili limepimwa. Wanauchumi wawili wa Marekani, Richard Thaler na Shlomo Benartzi, walibuni mpango kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa wakisema hawawezi kuongeza akiba yao ya uzeeni. Hawakuwahubiria nidhamu. Waliwaomba wakubali mapema kwamba kila mshahara utakapopanda, sehemu ya nyongeza iende kwenye akiba kabla haijazoeleka mfukoni. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004, asilimia 78 ya waliopewa nafasi hiyo waliikubali, na katika miezi 40 wastani wa akiba yao ulipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6. Watu walikuwa walewale. Kilichohama ni wakati wa kufanya uamuzi.

Kwa hiyo ukiongezewa kipato, mwezi wa kwanza ndio wa kupandisha mchango. Ukingoja wa tatu, nyongeza itakuwa imeshapata wenyewe.

"Kiasi kidogo ni kujisumbua tu"

Ukitazama mwaka wa kwanza, anayesema hivi anaonekana ana haki. Umeweka 1,200, na riba imekuletea kama 34. Wengi hukata tamaa hapo, na siwashangai.

Lakini riba nayo huzaa riba, na uzazi huo unahitaji miaka. Baada ya miaka 10 una 16,388, ambapo 12,000 ni mchango wako na 4,388 ni riba. Baada ya miaka 20 una 46,204: wewe umetoa 24,000, riba imetoa 22,204. Muda ndio uliofanya kazi hiyo.

Sasa chukua ndugu wawili. Dada anaweka 100 kila mwezi kwa miaka 10, kisha anaacha kabisa kuchangia lakini hagusi fedha ile kwa miaka 20 inayofuata. Kaka anaanza siku dada anapoacha, na anachangia miaka yote 20 bila kukosa. Mwishoni dada ana karibu 54,200, kaka ana 46,204. Kaka ametoa mara mbili ya dada yake na bado yuko nyuma. Kwa maoni yangu, kungoja "mpaka kipato kiwe kizuri" ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika habari hii, kwa sababu haionekani kwenye risiti yoyote.

Niseme na hili, maana washauri wengi hulikwepa: nyumba ambayo kipato chake hakifikii chakula, kodi na dawa haina tatizo la nidhamu. Ina tatizo la kipato, na kuihubiria akiba ni kuiongezea fedheha.

"La kwanza ni kutafuta penye riba kubwa"

Kwa miaka ya mwanzo, hapana. Mchango wa 100 kwa miezi 24 kwa riba ya asilimia 6 unafika 2,543. Hamishia penye asilimia 8, utapata 2,593, yaani umepata 50 za ziada kwa kuhangaika kote. Ungebaki palepale penye 6 ukapandisha mchango kutoka 100 hadi 110, ungekuwa na 2,798. Fungu likiwa bado changa, mchango una nguvu kuliko riba. Riba huanza kutawala fungu likishanenepa, na hapo ndipo inafaa kuzunguka kulinganisha. Linganisha na ada pia: akaunti yenye makato ya kila mwezi inaweza kumeza riba yote ya mtu anayeweka kidogo, akabaki na pungufu ya alichoweka.

Uchu wa riba kubwa una hatari nyingine. Mwaka 1920, mjini Boston, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, mpaka waliofuata wakapungua na mpango ukaanguka mwaka huohuo. Mbinu haijabadilika sana tangu hapo. Siku hizi inakuja kwa simu. Anayekuahidi asilimia 10 kwa mwezi anakwambia kwamba mtaji wako utazidi mara tatu kwa mwaka. Jiulize kwa nini basi anahitaji fedha yako.

"Akiba haiozi"

Methali hii ni ya kweli kwa maana iliyokusudiwa, kwamba ulichoweka kitakufaa siku moja. Kwa noti zilizofungiwa kabatini, zinaoza. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, 100 ya leo itanunua baada ya miaka 10 vitu ambavyo leo vinauzwa kama 61. Hata benki haikukingi kila wakati. Riba ikiwa 6 na bei zikipanda kwa 8, kila mwaka unapoteza karibu asilimia 2 ya uwezo wa kununua huku salio likisomeka limeongezeka.

Ndiyo maana fungu la dharura, ambalo wengi hulikadiria kwa matumizi ya miezi mitatu hadi sita, hukaa mahali pa kulichukua upesi hata kama riba yake ni ndogo. Kazi yake ni kuwepo. Fedha ya malengo ya miaka kumi na kuendelea ndiyo inayostahili kutafutiwa mahali panaposhindana na mfumuko wa bei.

"Lazima niweke akiba hata kama nina deni"

Inategemea deni. Mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi unasikika mdogo, lakini usipolipwa na riba ikalimbikizwa, 1,000 inakuwa karibu 1,426 kwa mwaka mmoja. Akiba ya 1,000 kwa asilimia 6 inakuletea kama 62. Anayeshikilia vyote viwili anapoteza zaidi ya 360 kwa mwaka ili tu ajisikie ana akiba. Bakiza fungu dogo la kukuzuia usikope tena mtoto akiugua usiku, kinachozidi kipeleke kwenye deni ghali. Mkopo mrefu wenye riba nafuu ni jambo jingine, huo unaweza kwenda sambamba na akiba.

"Ukiruka mwezi mmoja umeharibu"

Ukikosa mwezi mmoja katikati ya ile safari ya miaka 10, mwishoni utapungukiwa na kama 135 katika 16,388. Haifiki asilimia 1. Kinachoharibu ni kuona aibu na kuacha moja kwa moja. Vivyo hivyo kutoa fedha ya dharura wakati wa dharura: wengine huona wameshindwa, kumbe fungu limefanya kazi yake. Jaza tena, basi.

"Hii ni ya wenye mshahara"

Wenye biashara, kilimo au vibarua hukwama kwa sababu wanajipangia kiasi kilekile kila mwezi wakati kipato chao kina misimu. Panga sehemu badala ya kiasi, kwa mfano moja ya kumi ya kila kinachoingia, siku kinapoingia. Mwezi mkavu utaweka kidogo, mwezi wa neema utaweka kingi, na hutadaiwa na ratiba.

"Niko kwenye upatu, kwa hiyo nina akiba"

Watu 12 wanatoa 100 kila mwezi, mmoja anapokea 1,200. Wa kwanza kupokea amepata mkopo usio na riba, kisha anaulipa kwa miezi 11. Wa mwisho ndiye mwekaji, na amewakopesha wenzake wote bila riba na bila dhamana zaidi ya ahadi yao. Faida kubwa ya upatu ni kwamba unakulazimisha: kumwangusha mwenzako ni vigumu kuliko kujiangusha mwenyewe. Lakini mzunguko ukiisha, fungu limeisha. Ukipokea na kutumia yote, umenunua kitu kwa awamu. Ukipokea na kupeleka sehemu kwenye akaunti, hapo umeweka.

"Akiba ya nyumba ni siri ya mmoja"

Kuficha kwa kuogopa mwenzako ataitumia ni jambo linaloeleweka, na katika nyumba nyingine ndiyo njia pekee ya usalama. Ila pale ambapo watu wanaaminiana, siri ina madhara mawili. Wa kwanza anakata matumizi huku wa pili haelewi kwa nini, kwa hiyo mwezi unajaa ugomvi wa vitu vidogo. Na mwenye siri akifariki ghafla, familia inaweza kukaa muda mrefu bila kujua fedha iko wapi. Fomu nyingi za akaunti na mifuko ya akiba zina nafasi ya kuandika mnufaika. Kama uliiacha tupu, au bado ina jina uliloliandika kabla hujaoa au kuolewa, kairekebishe wiki hii.