Cazuela ya Chile: wanayosema watu, na ilivyo chunguni

Cazuela (tamka kasuela) ni chakula cha nyama ya ng'ombe na mboga kinachopikwa Chile nzima. Nakipenda sana, na ndiyo maana inaniuma kuona kikielezwa visivyo.

"Ni mchuzi mzito." Hapana, ni supu nyepesi yenye vipande vikubwa, na vipande hivyo huhesabiwa kwa bakuli. Kila mlaji ana nyama yake, kiazi kizima, kipande cha boga na kipande cha hindi bichi likiwa kwenye gunzi lake. Hindi hushikwa kwa mkono. Boga halimenywi, kwa sababu ganda ndilo linalolishikilia lisivurugike kwenye supu. Ukikatakata viazi vidogo vidogo mpaka virojeke, utakula vizuri, lakini cazuela hujaipika. Hata jina ni la chombo: kwa Kihispania, cazuela ni chungu cha udongo. Pomaire, kijiji cha wafinyanzi karibu na Melipilla, kinajulikana kwa vyungu vya namna hiyo.

"Amerika Kusini ni pilipili tupu." Ndani ya cazuela utakuta chumvi, kitunguu, kitunguu saumu, karoti, oregano, na pengine paprika kidogo. Ukali hukaa mezani, kwenye pebre, kachumbari ya kitunguu, giligilani, pilipili, mafuta na siki. Anayetaka hujitilia.

"Nunua steki, ndiyo nyama nzuri." Hapa ndipo wengi wanapoiharibu. Wachile hupikia osobuco, yaani nyama ya muundi iliyokatwa pamoja na mfupa na uboho wake, au tapapecho, nyama ya kidari. Nyama hizi zimejaa kolajeni, ule utando mweupe na kano zinazokataa kutafunika. Zikikaa kwenye moto mdogo kwa saa mbili hivi, kolajeni hugeuka jelatini: nyama inaachana na mfupa yenyewe, na supu inanata midomoni kidogo ukiinywa. Steki ina kolajeni haba. Iweke kwenye maji ya moto muda huo wote, utatoa nyuzi kavu.

"Ongeza moto iive upesi." Maji yakishachemka, kwa sisi tulio usawa wa bahari, hayapandi juu ya nyuzi 100 hata ukiuchochea moto namna gani. Unachoongeza ni mvuke tu. Tena mchemko wa fujo huyavuruga mafuta ndani ya supu, ikawa na ukungu. Punguza moto mpaka uone viputo vikipanda kimoja kimoja.

"Kaanga nyama kwanza ili maji yake yafungiwe ndani." Dai hili lilienezwa karne ya 19 na mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, na si kweli. Sikiliza kikaango: ule mlio wa chaaa ni maji ya nyama yanayotoka na kukauka palepale. Kaanga, lakini kwa sababu ya ladha inayokuja na ile rangi ya kahawia. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeieleza kemia yake mwaka 1912.

"Ni chakula cha Wahispania." Wengine husema ni cha wenyeji tangu kale. Wote wameshika nusu. Viazi, mahindi na boga ni mazao ya mabara ya Amerika. Ng'ombe alivuka bahari. Columbus alishusha wa kwanza visiwa vya Karibi mwaka 1493, na vitunguu, karoti na mchele navyo ni wageni. Ili kuipa supu uzito kidogo, wengine hutia gao la mchele, wengine chuchoca: mahindi yaliyopikwa, yakaanikwa juani, kisha yakasagwa. Neno hilo ni la Kikechua.

"Tia vyote kwa pamoja." Boga litakuwa uji kabla nyama haijalainika. Nyama, kitunguu na karoti vitangulie, saa moja na nusu au mbili. Nyama ikikubali uma, tia viazi na mahindi. Baada ya dakika kumi, boga na mchele. Zikibaki dakika kumi, tia maharage machanga ya kijani yaliyokatwa membamba. Epua, acha sufuria itulie kidogo, kisha pakua nyama kwanza, mboga zikae kuizunguka, supu imiminwe juu, na giligilani mbichi inyunyizwe bakuli likiwa tayari mbele ya mlaji, maana ikichemka harufu yake hupotea.