Breki za seli T: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu James Allison na tiba ya kinga

Mwaka 2018, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba, habari ilienea kwa maneno mepesi: wanasayansi wawili wamegundua namna ya kuuongezea mwili kinga ili uishinde saratani. Sentensi hiyo imezaa nyingine nyingi, na baadhi yake zinawagharimu wagonjwa. Naiheshimu sana kazi ya Allison, ndiyo maana inaniuma kuisikia ikisimuliwa kinyume.

Dhana: Tiba ya kinga ni kuongeza kinga

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Mtu akishaiamini, ni rahisi kumuuzia chupa ya virutubisho ukamwambia kuwa na hiyo ni tiba ya kinga.

Alichokigundua Allison kinakaribia kuwa kinyume cha hayo. Seli T ni chembe nyeupe za damu zinazosaka seli zilizoambukizwa au kuharibika, na haziamki kwa ishara moja tu. Kwanza kipokezi chake lazima kitambue kitu kigeni. Mwaka 1982, akiwa katika maabara ndogo huko Smithville, Texas, Allison alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuibaini protini ya kipokezi hicho. Yeye mwenyewe hupenda kueleza kwa mfano wa gari: kipokezi ni ufunguo unaowasha injini. Lakini gari kuwaka si kuondoka. Lazima mtu akanyage mafuta, na kazi hiyo ni ya molekuli nyingine iitwayo CD28. Halafu kuna breki, nayo ni CTLA-4.

Seli T ikishaamka, CTLA-4 hujitokeza juu yake na kuziwahi zile molekuli ambazo CD28 ingezishika, na mwendo wa seli unapungua. Breki hii si kasoro ya maumbile. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba panya wanaozaliwa bila CTLA-4 hufa wakiwa na umri wa wiki chache tu: seli T zao huzaliana bila kikomo, zikavamia moyo, kongosho na viungo vingine. Kinga isiyo na breki inaua.

Kwa hiyo mgonjwa wa saratani mara nyingi hakupungukiwa na askari. Askari wapo, pengine wamekwisha kufika hadi kwenye uvimbe, ila wamezuiwa. Dawa ya ipilimumab, iliyotokana na kazi ya Allison, ni kingamwili, yaani protini inayonata kwenye shabaha moja, na hii inaiziba CTLA-4. Inauondoa mguu kwenye breki, basi. Hakuna vitamini inayofanya hivyo.

Dhana: Tangu utotoni alikuwa akiitafuta dawa ya saratani

Ni rahisi kuona simulizi hii inakotoka. Allison alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Alice, Texas, na alikuwa na miaka 11 mama yake alipofariki kwa limfoma, saratani ya tezi za limfu. Baadaye saratani iliwachukua wajomba zake, na mwaka 2005 ikamchukua kaka yake. Msimulizi yeyote angetaka kuifanya kazi yake iwe kisasi.

Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba alichotaka kujua ni jinsi seli T zinavyofanya kazi. Udadisi huo alikuwa nao mapema: shuleni alikataa somo la biolojia kwa sababu lilikuwa linafundishwa bila kumtaja Darwin, akalisoma kwa njia ya posta. Nadhani ni vibaya kuudharau udadisi wa aina hiyo, kana kwamba utafiti usiokuwa na mgonjwa mlangoni ni anasa. Angeanza na saratani, huenda asingeijua breki.

Wala breki hiyo hakuivumbua peke yake. CTLA-4 ilitambuliwa mwaka 1987 nchini Ufaransa na kundi la Pierre Golstein, na kwa muda hakuna aliyejua inafanya nini. Wapo walioidhania kuwa ni mafuta mengine. Katika maabara ya Allison huko Berkeley, California, mwanafunzi wake Matthew Krummel ndiye aliyeonyesha kwamba inazuia. Jeffrey Bluestone, akiwa kwingine, akafikia jibu hilohilo. Waliokuwa wanaitazama breki hiyo kwa jicho la tiba waliwaza magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, na wakatafuta namna ya kuikandamiza zaidi. Allison akawaza kuiachia. Hapo ndipo palipo na upekee wake.

Dhana: Panya walipona, dawa ikaingia hospitalini

Mwishoni mwa mwaka 1994, mtafiti wa maabara hiyo, Dana Leach, aliwadunga panya wenye uvimbe kingamwili ya kuiziba CTLA-4. Uvimbe ukatoweka. Allison hakuyaamini macho yake, akataka jaribio lirudiwe mara moja. Leach alikuwa na safari ya Krismasi, kwa hiyo alidunga sindano, naye Allison akabaki kupima uvimbe mwenyewe, bila kujua ni panya gani waliopewa dawa. Siku za mwanzo uvimbe ulizidi kukua katika vizimba vyote. Alivunjika moyo. Kisha katika baadhi ya vizimba kasi ikapungua, ikasimama, uvimbe ukaanza kunywea.

Ishike picha hiyo: unakua kwanza, unanywea baadaye. Itarudi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Ipilimumab iliruhusiwa Marekani mwezi Machi 2011, miaka 15 baadaye. Kampuni nyingi za dawa hazikutaka kuigusa, maana majaribio mengi ya awali ya kutumia kinga dhidi ya saratani yalikuwa yameshindwa. Hatimaye kampuni ndogo ya Medarex ilikubali kuitengeneza kingamwili ya kutumika kwa binadamu.

Hata baada ya hapo nusura ife. Dawa za saratani zilikuwa zinahukumiwa kwa kipimo kilichozoeleka katika tibakemikali: baada ya wiki kadhaa, je, uvimbe umepungua? Kwa baadhi ya wagonjwa waliopewa ipilimumab, picha zilionyesha uvimbe umekua, ndipo baadaye ukapungua, vilevile kama katika vizimba vya Berkeley. Mwaka 2008 kampuni ya Pfizer ilisimamisha jaribio lake kubwa la dawa nyingine inayoilenga CTLA-4, tremelimumab. Jaribio la ipilimumab lilibadilishwa ili lipime jambo moja: nani yu hai, na kwa muda gani. Mwaka 2010 jibu likatoka: kwa wagonjwa wa melanoma, saratani kali ya ngozi, iliyokwisha kusambaa, wastani wa kati wa kuishi (muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka) ulikuwa takriban miezi 10, ukilinganisha na 6.4 kwa waliopewa chanjo ya majaribio pekee.

Miezi hiyo michache haielezi yote. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliowajumuisha wagonjwa 1,861 ulionyesha kwamba takriban 22% walikuwa hai baada ya miaka mitatu, na kuanzia hapo mstari wa kuishi kwenye grafu ulikaribia kulala, yaani vifo vikawa vichache, kwa baadhi yao hadi mwaka wa 10. Kwa ugonjwa ambao ulikuwa ukimaliza watu ndani ya mwaka, hilo lilikuwa jambo jipya kabisa.

Dhana: Haina madhara, ni kinga yako mwenyewe

Wakumbuke wale panya waliozaliwa bila breki. Breki ikiachiwa, utumbo mpana wa mgonjwa unaweza kuvimba hadi kutoboka. Ini, mapafu, ngozi na tezi za homoni navyo vinaweza kushambuliwa. Ipilimumab ikitumiwa pamoja na nivolumab, inayoiziba PD-1, ile breki nyingine iliyotambuliwa na maabara ya Honjo mwaka 1992, zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata madhara makali. Kuhara kwa mgonjwa aliye kwenye dawa hizi si jambo la kuvumilia nyumbani. Daktari aarifiwe siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za steroidi, zinazopunguza makali ya kinga, zikianza mapema mara nyingi huutuliza mwili.

Dhana: Inaponya saratani yoyote

Katika melanoma iliyosambaa, mchanganyiko wa dawa hizo mbili umewaacha hai takriban 43% ya wagonjwa wa jaribio moja baada ya miaka 10. Kongosho ni habari nyingine, na tezi dume vilevile. Saratani ya tezi dume ndiyo iliyomuua kaka yake Allison, na katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2014 ipilimumab haikurefusha kwa uhakika maisha ya wagonjwa wake.

Allison, ambaye tangu mwaka 2012 yuko MD Anderson, Houston, pamoja na mkewe Padmanee Sharma, daktari na mtafiti wa kinga, waliliendea swali la kwa nini ikashindwa huko kwa njia ninayoiona ya uaminifu zaidi: kumpa mgonjwa dawa kabla ya upasuaji, kisha kuuchunguza uvimbe uliotolewa. Mwaka 2017 kundi lao lilieleza lililokutwa kwenye tezi dume. Baada ya ipilimumab, seli T ziliingia kwenye uvimbe. Lakini humo ndani zilikuwa zimeongezeka breki nyingine mbili: PD-L1, molekuli inayoikanyaga ile PD-1, na VISTA.