Usiitupe Negativu

Mwezi uliopita mama mmoja alituletea bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha ya harusi ya wazazi wake, nyeusi na nyeupe, pamoja na vipande vitatu vya filamu. Picha alitaka tuiskani. Vile vipande akasema tuvitupe tu, "si taka za studio hizo?" Tukaviweka juu ya meza ya taa. Kwenye picha ya karatasi maharusi wamesimama wawili peke yao, nyuma yao pazia lililochorwa meli. Kwenye negativu, yaani kile kipande cha filamu ambacho weupe huonekana mweusi na weusi mweupe, pembeni kabisa, yupo mtoto wa kama miaka sita ameshika kanzu ya bwana harusi. Mama akamtazama muda mrefu, kisha akauliza: "Kwa hiyo studio walitudanganya?"

Swali hilo tunaulizwa mara nyingi katika kitengo chetu cha kuhifadhi picha, na nyuma yake ipo imani kwamba picha za zamani zilikuwa kweli tupu, na kwamba uongo umeletwa na kompyuta. Ukijua picha ya filamu ilivyotengenezwa, imani hiyo haidumu.

Filamu ni plastiki iliyopakwa gelatini, ile itokanayo na mifupa na ngozi za ng'ombe, na ndani ya gelatini zimetawanywa chembe ndogo mno za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga wa kamera ukizipiga, kwa macho hakuna kinachobadilika. Picha imo lakini imejificha. Dawa ya kwanza ndiyo inayoifichua: hugeuza chembe zilizopigwa na mwanga kuwa fedha yenyewe, na fedha laini kiasi hicho huonekana nyeusi. Ndiyo maana kanzu nyeupe kwenye negativu ni nyeusi tii. Baada ya hapo filamu hutiwa kwenye maji yenye asidi ya siki ili dawa iache kufanya kazi, halafu kwenye dawa iitwayo haipo, kutoka Kiingereza "hypo". Jina hilo linachekesha kwa Kiswahili, na bado linafaa, maana kazi ya haipo ni kuhakikisha kwamba chumvi ambayo haikupata mwanga haipo tena. Mwingereza John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha, miaka 20 kabla ya upigaji picha kutangazwa rasmi Paris. Bila haipo, filamu ukiitoa nje ingeendelea kuwa nyeusi hadi picha yote ipotee.

Mwisho ni maji, maji mengi. Sisi husema "kusafisha picha", na neno hilo limebeba ukweli kuliko watu wanavyodhani. Picha nyingi zenye madoa ya kahawia tunazoletewa hazikuharibiwa na umri. Fundi alikuwa na haraka, haipo ikabaki ndani ya karatasi na kuila fedha polepole. Jambo moja la kuwafurahisha watu wa pwani: maji ya bahari hutoa haipo upesi kuliko maji ya bomba, mradi umalizie kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Ubunifu huanzia hapa hapa, kwenye dawa. Maelekezo ya viwandani huandikwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Mombasa au Dar es Salaam maji ya bomba yanaweza kufika 28. Kila nyuzi moja inapoongezeka, muda wa dawa hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo filamu iliyohitaji dakika 8 sasa inataka zisizofika 4, na kwa muda mfupi hivyo dawa haisambai sawasawa. Fundi hana budi kuchagua. Aizimue dawa zaidi, au aizungushie chombo barafu? Kila uamuzi huacha alama yake kwenye picha: weusi mzito au mwepesi, uso wenye mikunjo yote au uliolainika. Kijana anayesafisha filamu leo bafuni kwao nampa shauri moja tu: nunua kipimajoto kabla ya kununua lenzi ya pili.

Kisha ipo kazi ya kuprinti. Negativu huwekwa kwenye mashine ya kukuzia, mwanga ukapita na kuangukia karatasi, ndani ya chumba cha giza chenye taa nyekundu tu, kwa kuwa karatasi hiyo haioni nyekundu. Hapo mikono ya fundi huingia. Uso ukitoka mweusi mno, huukinga kwa kibati kilichofungwa kwenye waya. Kanzu ikikosa mikunjo, huiunguza zaidi kwa mwanga unaopita kwenye tundu la viganja vyake. Asichokitaka hukikata, na ndivyo alivyofanyiwa mtoto wetu wa harusini. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alifananisha negativu na nota za mtunzi wa muziki, na picha ya karatasi na upigaji wenyewe. Picha yake mashuhuri ya mwezi ukichomoza New Mexico, ya 1941, aliiprinti kwa miaka mingi na anga likazidi kuwa jeusi.

Wa kwetu walikwenda mbali zaidi. Omar Said Bakor wa Lamu, fundi aliyejifundisha mwenyewe, aliunganisha picha kadhaa kuwa moja, watu wakaonekana mahali ambapo hawakuwahi kukaa. Kompyuta hakuwa nayo. Alikuwa na mkasi, chumba cha giza na subira. Programu ya kompyuta ya kuhariri picha, Photoshop, ilipotoka 1990 ilirithi chumba hicho pamoja na vyombo vyake: hadi leo alama ya kufanya sehemu iwe nyeupe zaidi inafanana na kile kibati cha kukingia, na ya kuongeza weusi ni mkono uliokunjwa kuacha tundu.

Basi studio haikudanganya. Ilifanya kazi iliyolipwa kuifanya. Ninachokitilia shaka mimi ni hizi programu za akili mnemba zinazotia rangi picha za kale kwa sekunde chache. Filamu nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 hazikuona nyekundu. Kanga nyekundu ilitoka nyeusi kama kanga nyeusi. Programu haina pa kuijulia. Inakisia tu, na familia baadaye huapa kwamba bibi alivaa bluu. Ukitaka rangi, tia, lakini toleo lisilotiwa rangi lihifadhi kando na uandike lipi ni lipi.

Negativu zako zinuse. Harufu ya siki maana yake plastiki ya asetati imeanza kuoza, na joto na unyevu huongeza kasi; zitenge na nyingine, kisha ziskani kwanza. Za kabla ya miaka ya 1950 zisizoandikwa SAFETY pembeni huenda ni za plastiki ya nitrati, ambayo hushika moto upesi mno: usizipashe joto, zilete kwa wataalamu. Zilizobaki zishike kingo tu, ziweke kwenye bahasha za karatasi, wala si albamu za plastiki zinazonuka, na mbali na paa la bati. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue. Iskani hivyo hivyo ilivyo.

Kuskani negativu ya milimita 35 kwa dpi 2400 (nukta 2400 kwa kila inchi) hukupa karibu pikseli milioni 7.7, zinazotosha kuprinti ukubwa wa A4. Faili kubwa la TIFF lihifadhi mahali pawili, na kwa WhatsApp tuma nakala ndogo.

Yule mama aliondoka na bahasha yake na vipande vyote vitatu. Kabla ya kutoka alimpigia simu dada yake mkubwa kumuuliza yule mtoto ni nani.